Monita ya mtumba niliyonunua Kisumu: picha safi, kebo ya kutupa

Monita hii siiuzi wala siirudishi. Nalitanguliza hilo kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu jinsi ilivyokuwa ikinizimia katikati ya gemu, na mwenye haraka anaweza kuishia njiani akidhani nailaani.

Ni ya inchi 27, paneli ya IPS, nukta 2560 kwa 1440, na huchora picha upya hadi mara 144 kwa sekunde, yaani 144 Hz. Ni mtumba wa Uingereza wenye mkwaruzo mdogo kwenye fremu ya chini. Niliinunua katika duka moja la katikati ya mji wa Kisumu kwa shilingi 22,000, pamoja na waya wa umeme na kebo moja ya kupeleka picha, aina ya DisplayPort, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Jina la kampuni iliyoitengeneza nalihifadhi, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kompyuta yangu ina kadi ya picha ya Radeon RX 580 ya 8GB, ya zamani kidogo, lakini mpira na mbio za magari inavimudu.

Tatizo lilianza mara tu nilipoingia kwenye gemu. Ukiandika barua, ukitazama video, ukipitia hesabu za kazi, shwari kabisa. Fungua gemu, na baada ya muda skrini inakuwa nyeusi ghafla, inakaa hivyo sekunde mbili tatu, kisha picha inarudi. Kuna nyakati haikurudi: kinatokea kisanduku kidogo cha kusema hakuna signali, halafu taa ya kitufe inageuka kutoka buluu hadi rangi ya chungwa. Sauti haikatiki hata kidogo. Mtangazaji wa mpira anaendelea kupayuka, na mpwa wangu, anayekuja wikendi kutoka Maseno na laptop yake, anaendelea kunifunga mabao nikiwa gizani huku akiuliza, “Mjomba, mbona beki zako zimesimama?”

Hapa kwetu kitu chochote kikizima, stima ndiyo inayoshukiwa kwanza, na si bure. Mvua ya radi ikisogea kutoka ziwani jioni, taa za nyumba hucheza. Lakini monita inayoandika kwamba haioni signali ni monita yenye umeme. Ingekuwa imekosa stima, hata ile taa ya kitufe ingezimika na usingeona kisanduku chochote. Hilo pekee liliniondolea shaka ya soketi, ekstenshen na waya wa umeme. (Kama una UPS, betri ya dharura stima ikipotea, hakikisha monita nayo imechomekwa humo. Nimeona watu wameweka kompyuta kwenye UPS na monita ukutani, stima inapotea, wanabaki wakisikiliza gemu kama redio.)

Nilirudi dukani na video niliyorekodi kwa simu. Muuzaji hakuiangalia hadi mwisho. “Boss, hizo gemu zako ni nzito, kadi inachemka.” Nikamwonyesha vipimo vya joto: kadi ilikuwa kwenye nyuzi 70 na kidogo, joto la kawaida kabisa kwa kadi kama hiyo ikiwa kazini. Akaingia nyuma, akatoka na kebo nyingine, pacha wa ile ya kwanza, ndefu ya mita tano, nyembamba, isiyo na maandishi yoyote. Nayo ikazima vilevile. Waranti yao ni ya wiki mbili, na nilipouliza kama naweza kubadilishiwa monita nzima, nikaambiwa kwanza niilete “ikiwa imezima.” Sasa kitu kinachozima sekunde tatu utakibeba vipi kwenye bodaboda kikiwa kimezima? Kwa huduma, duka hilo linapata nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya bei.

Aliyenisaidia kufikiri ni fundi mmoja wa Kondele. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Omera, ikizima, sauti inakatika?” Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama feni za kadi zinaanza kunguruma ghafla. Hapana. Akanieleza kwamba hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Picha ikipotea pamoja na sauti kukwama, au feni zikakimbia kasi ya mwisho, kadi yenyewe imeanguka, na hapo utafute pawa saplai, joto au draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Sauti ikiendelea na mchezo ukiendelea, kompyuta ni nzima. Kagua kile kilicho kati yake na macho yako.

Hata hivyo hakuacha kuangalia. Alikagua plagi ya pini 8 inayolisha kadi, ambayo kwa kipimo chake hutoa wati 150, na soketi ya ubao mkuu wa kompyuta, kadi inapokaa, huongeza wati 75, kwa hiyo RX 580 yenye kiwango cha wati 185 haikuwa na njaa. Akafungua daftari la matukio la Windows. Draiva ya picha ikikwama zaidi ya sekunde mbili, Windows huiwasha upya na kuandika tukio namba 4101. Kwangu hakukuwa na hata moja. Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua: skrini ikiwa nyeusi, zima taa za chumba, mulika tochi ya simu karibu na kioo kwa pembeni. Ukiona picha hafifu nyuma ya weusi, signali inafika, ila taa za nyuma ya paneli ndizo zimekufa, na mara nyingi ni kapasita au ubao wa umeme ndani ya monita. Nilipofanya hivyo nyumbani hapakuwa na kitu, weusi mtupu. Signali ndiyo iliyokuwa ikikatika. Fundi hakuifungua monita na hakunitoza kwa kutoifungua. Nilimpa tu pesa ya muda wake. Nyota tano.

Kipimo kilichomaliza ubishi hakikuhitaji hata bisibisi. Windows ilikuwa inaiendesha monita kwa 60 Hz, kama inavyofanya mara nyingi ukichomeka skrini mpya, na gemu ikifunguka kwa skrini nzima ilikuwa inajichagulia 144 Hz. Ndiyo sababu niliona shida kwenye gemu tu. Nikageuza mambo. Nikaiweka gemu kwenye 60 Hz: nikacheza jioni nzima, haikupepesa. Kisha nikafunga gemu, nikaipandisha Windows yenyewe hadi 144 Hz na kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Skrini ikazima nikiwa naangalia karatasi nyeupe isiyo na herufi. Basi si uzito wa gemu, si joto, si kadi kuchoka.

Hesabu yake ni hii. Nukta 2560 mara 1440, kila moja ikibeba biti 24, mara 60 kwa sekunde, ni kama gigabiti 5.3 kila sekunde. Ukipanda hadi 144, ni gigabiti 12.7, na ukiongeza nafasi za kati ya picha na picha unakaribia 14. DisplayPort 1.2 inaruhusu gigabiti 17.28 za data, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Lakini hiyo ni kebo iliyotengenezwa kwa kipimo. Kebo nyembamba ya mita tano hupitisha maji ya kijito bila taabu, ukiifungulia mto inamwaga njiani. Monita ikipokea data iliyoharibika kupita kiasi hupoteza mshiko, inaanza upya kuelewana na kadi, na wewe unaona giza la sekunde mbili tatu.

HDMI, njia nyingine ya kuunganisha picha, nayo iliniunga mkono. Monita hii ina HDMI ya toleo la 1.4, ambalo mwisho wake ni gigabiti 10.2 kwa sekunde, na kwenye ukubwa huu wa picha kitabu chake kinaishia 75 Hz. Nilipochomeka HDMI sikupata giza hata kidogo, ila nilikuwa nimelipia 144 nikipata 75. Mwenye kutaka 144 Hz kwa HDMI atafute monita yenye 2.0, inayofika gigabiti 18.

Nikatafuta kebo ya maana. Mjini nilizunguka kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wanakuuzia kebo kwa urefu na kwa rangi ya kichwa. Dhahabu ya kupaka ndiyo wanayokuonyesha kwanza. Nilichotaka ni kebo fupi isiyozidi mita mbili, nene kiasi, yenye alama ya kuidhinishwa na VESA, taasisi inayosimamia viwango vya DisplayPort. Alama hiyo si pambo. Kati ya mambo inayodhibiti ni pini namba 20, ambayo hubeba volti 3.3 na katika kebo ya kawaida haitakiwi kuunganishwa kutoka ncha hadi ncha. Kebo za ovyo huiunganisha, na umeme wa monita unarudi kwenye kadi hata kompyuta ikiwa imezimwa. Niliipata katika duka la vifaa vya kamera kwa shilingi 1,800. Jirani yangu aliniambia hiyo ni bei ya kilo kadhaa za samaki. Ni kweli, lakini samaki hawapitishi gigabiti 17.

Tangu hapo, 144 Hz, gemu ya skrini nzima, FreeSync (ya kulinganisha mwendo wa monita na wa kadi) ikiwa imewashwa, giza limeisha.

Kuna kioja kimoja nisichoweza kukiacha. Kwa zile kebo za duka, skrini ilikuwa inapepesa pia kila friji ya jikoni ilipoanza kunguruma, na wakati mwingine niliponyanyuka tu kwenye kiti. Mpwa wangu alicheka hadi akajiinamia, akasema sasa nimeanza kuamini majini. Kumbe jambo hilo lina maelezo yake. Kiti cha ofisi chenye silinda ya gesi kinaweza kutoa mshtuko mdogo wa umeme tuli ukikaa au ukinyanyuka, na kebo isiyo na kinga nzuri huudaka kama antena. Hata DisplayLink, kampuni ya teknolojia ya kuunganisha skrini, imelieleza hilo katika kurasa zake za msaada. Mota ya friji ikiwaka hufanya fujo ya aina hiyohiyo. Kebo mpya haijali kiti wala friji.

Sasa monita yenyewe. Rangi ni nzuri kwa bei hii, ngozi za wachezaji zinaonekana ngozi, na nyasi si kijani cha rangi ya ukuta. Pembe mbili za chini zina mng’ao wa kahawia ukicheza mandhari ya usiku chumba kikiwa giza, jambo la kawaida kwa IPS, ila hii imezidi kidogo. FreeSync inafanya kazi kuanzia 48 Hz hadi 144. Kadi ikishindwa na kushuka chini ya 48 mwendo wa picha unapoteza ulaini, kwa hiyo kwenye gemu nzito napunguza vivuli na ukungu badala ya kung’ang’ania kila kitu juu. Vitufe vya menyu viko nyuma, na hadi leo nabonyeza cha kuzima nikitafuta cha mwangaza. Stendi haipandi wala haishuki. Nimeiinulia kwa ubao wa msonobari. Ina matundu ya milimita 100 kwa 100 ya kuifunga ukutani, nayo mitumba mingi huja bila skrubu zake, basi ulizia kabla hujatoka dukani.

Ukienda kununua ya aina hii, mwambie muuzaji aipandishe hadi 144 Hz mbele yako, kwa kebo ileile atakayokupa, na iachwe hivyo mkipiga stori. Akikwambia kompyuta ya dukani haiwezi, mwombe akupunguzie bei kwa kiasi cha kununulia kebo nzuri. Yangu hawakuipunguza. Monita nyota nne.