Altezza RS200 ya manyuo: mrejesho wa mtu anayeishi nayo Dar

Kila mtu hapa mjini ana neno lake kuhusu Toyota Altezza. Gari ya wahuni, gari ya madogo wa disko, inakula mafuta, haina spea, inaua. Ukimchimba anayeongea unakuta hajawahi kukaa kwenye RS200 hata siku moja, alipewa lifti na mshkaji kwenye AS200 ya oto akahitimisha. Kwa hiyo tuelewane kwanza. AS200 chesisi namba yake ni GXE10, ina 1G-FE ya silinda sita, laini, haina haraka, na ndiyo zilizojaa mtaani. Kuna Gita, ile yenye mgongo mrefu, nyingine zina 2JZ ya lita tatu. Mimi naongelea RS200, SXE10, silinda nne, injini ya 3S-GE ya BEAMS yenye VVT-i (mfumo wa kuwahisha au kuchelewesha valvu) pande zote mbili, inteki na egzosi, gia sita za mkono, farasi 210 kwenye mzunguko wa 7,600 kwa dakika. Lita mbili na haina tabo. Hapo ndipo mtu anaguna, basi ajue hizo farasi zinatoka kwenye kompresheni ya 11.5 kwa 1 na hedi ambayo Yamaha walitia mkono, siyo maneno ya stika.

Kwa wasioijua historia yake kidogo tu: ilitoka 1998, mwisho wa kutengenezwa ni 2005, na mwaka ule ule iliotoka ikabeba tuzo ya gari bora la mwaka Japani. Injinia mkuu alikuwa Nobuaki Katayama, mtu aliyefanya kazi kwenye AE86, ile Corolla ya zamani ya kusukumwa na tairi za nyuma, na ukiiendesha unaelewa alichokuwa anakitafuta. Tairi za nyuma ndizo zinasukuma, pua haina uzito wa kipuuzi, na usukani unakwambia barabara ikoje. Dashibodi imekaa kama saa ya mkononi, duara moja kubwa lenye viduara vidogo ndani, mpaka leo abiria wakiingia cha kwanza kuuliza ni hiyo.

Sasa raha yenyewe. Chini ya mzunguko 4,000 ni gari ya kawaida tu, kwenye foleni ya Mwenge hutajua kama umepanda kitu. Ikishavuka 5,000 sauti inabadilika, inapiga yowe moja safi mpaka karibu na 8,000 na wewe unatafuta gia nyingine huku unacheka peke yako. Tatizo ni kwamba utaipata wapi hiyo nafasi, maana ukitoka Kibaha kwenda Chalinze kila kijiji ni hamsini na tochi ipo nyuma ya mwembe, gia ya pili tu inatosha kukuletea risiti ya faini. Mimi nairusha kwenye kuingia barabara kuu na kupita lori, basi. Kama unataka gari ya kukimbizana usiku na watu mjini tafuta mrejesho mwingine.

Kilichonifanya niandike ni matengenezo, kwa sababu hapo ndipo RS200 zinapofia. Na kwa ninavyoona mimi gari yenyewe haina shida kihivyo, shida ni utaratibu wetu wa kubahatisha. Taa ya chekinjini ikiwaka fundi anataja kifaa, unakwenda Shaurimoyo unanunua, kinafungwa, taa inarudi, anataja kingine. Mwisho wa siku umebadilisha nusu ya injini na ugonjwa uko pale pale, halafu gari inatangazwa mtandaoni "inahitaji marekebisho madogo".

Mfano wangu mwenyewe. Taa iliwaka, gari ikawa nzito chini, silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda inashuka. Nikaipeleka gereji moja yenye mashine ya kupimia, wakachomeka kwenye ile soketi ya chini ya usukani, mashine ikagoma kabisa kuwasiliana na gari. Wakarudi na majibu kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, tafuta nyingine. Ndugu zangu, hizi ni gari za soko la Japani za miaka ile, soketi ina matundu 16 kama za kisasa lakini lugha inayoongewa humo siyo lazima iwe ile mashine yako ya bei rahisi inaijua, na vile vidude vya bluetuthi vya kuunganisha na simu mara nyingi vinatoka kapa. Mashine kushindwa kusoma siyo ushahidi wa chochote.

Njia ya zamani inafanya kazi vizuri tu na haina gharama. Gari ikiwa imezimwa, chukua kipande cha waya, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwenye ile soketi (CG na TC kwa majina ya Toyota), halafu washa swichi bila kupiga stata. Taa ya chekinjini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka kwa mwendo mmoja usiobadilika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Kama lipo inakonyeza kwa mafungu, mathalani mara mbili, inapumua, mara tano, hiyo ni 25, ikimaliza inapumzika kidogo inarudia, na kama makosa ni mawili itayataja yote kwa zamu. Unakaa na kalamu unaandika, ukimaliza unatafuta maana ya namba kwenye kitabu cha injini hiyo hiyo siyo cha Toyota yoyote. Angalizo, hesabu matundu vizuri kabla hujachomeka waya, namba 16 ina umeme wa betri muda wote na ukiigusisha na 4 utaunguza fyuzi kama una bahati, waya kama huna.

Yangu ikataja VVT upande wa inteki. Kule kuna valvu ya oili, kidude cha umeme kinachopeleka oili kwenye gia ya kemshafti ili iwahi au ichelewe, na karibu yake kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi hawajui hata kama kipo. Nilipokitoa kilikuwa kimeziba kwa tope jeusi, lile la oili iliyokaa mpaka ikaiva. Valvu nikaijaribu mezani kwa kuigusisha na umeme wa betri kwa nukta moja tu, ikapiga "tak" na kile kipini cha ndani nikakiona kinasogea, kwa hiyo ilikuwa nzima. Nikavisafisha vyote kwa dawa ya kabureta, nikavipuliza, nikarudisha na oring'i mpya, oili mpya na filta. Taa imezima na uzito ukaisha. Kontroli boksi ni ile ile iliyotoka Japani.

Hapo hapo nisieleweke vibaya, kuna ugonjwa mwingine wa VVT ambao kusafisha hakutibu. Asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha ukipiga stata inatoa "krrrrr" ya sekunde moja mbili kama fuso ya dizeli halafu inatulia. Hiyo ni gia yenyewe ya VVT, pini ya kuifunga ndani imelika na gia inacheza mpaka presha ya oili ifike. Ikiwa ni ya sekunde moja na haiongezeki unaweza kuishi nayo huku unatafuta gia nzuri, ikianza kuchukua muda mrefu au inasikika hata injini ikiwa ya moto usiisogeze mbele. Mpya ni bei ya kukata kiuno, yusd unaipata lakini unanunua bila kujua iliishi vipi huko ilikotoka. Na sababu kubwa ni ile ile, oili. Injini hii VVT yake yote inategemea oili, ukiweka oili nzito ya galoni la bei chee au ukapitisha muda unaiua taratibu. Mimi natia 5W-30 sinthetiki, sisubiri mpaka kilomita zilizoandikwa kwenye kopo ziishe, joto na foleni za hapa zinaichosha mapema.

Thamostati. Jamani. Sijui nani alianzisha hii tabia lakini karibu kila gari ya mkononi hapa Dar imetolewa thamostati, ukimuuliza fundi anakwambia nchi yetu ya joto haiitaji. RS200 ikitolewa thamostati haifikii joto lake la kazi hasa ukiwa barabara kuu, kontroli boksi inaamini injini bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi, halafu mwenye gari anapiga kelele Altezza inakula mafuta. Si umeiambia ile mafuta mwenyewe! Kama inachemsha tafuta kinachoichemsha, rejeta imeziba, feni imechoka, mfuniko haushiki presha au yale matanki ya plastiki ya rejeta yamepasuka ufa mwembamba ambao unaonekana tu injini ikiwa ya moto. Yangu ilikuwa mfuniko. Kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Kingine cha kuangalia ni plagi. Fungua kava la juu, kila plagi ina koili yake juu, chomoa koili moja moja uangalie mashimo. Ukikuta oili imejaa kwenye shimo ni sili za kava zimekauka, oili inapanda kwenye koili na gari inaanza kumisi hasa ukikanyaga kwenye gia kubwa. Fundi wa kubahatisha atakwambia koili zimekufa, nunua zote nne. Badilisha sili na gasketi ya kava, futa koili, halafu zihamishe: ya silinda namba moja peleka namba tatu uone kama kumisi kunahama nayo. Kukihama ni koili, kusipohama ni plagi au kitu kingine. Dakika chache tu na umeokoa hela. Plagi zenyewe nunua kwa mtu unayemwamini, feki zimejaa na boksi zake zinang'aa kuliko za orijino.

Taimingi belti sitaki kuongea sana. Kilomita 100,000 ndiyo kipimo, na hizi nyingi kilomita za kwenye dashibodi hazina wa kuziapia, kwa hiyo ukinunua hesabu kwamba haijabadilishwa na ibadilishwe pamoja na wota pampu, rola na tenshena kwa mpigo mmoja, maana kazi ya kufika huko ni hiyo hiyo. Ikikatika valvu zinakutana na pistoni, na valvu za hii ya manyuo ni za titani, nenda Gerezani ukaulize bei uone utakavyotazamwa.

Chini ni boljointi za chini za mbele, hizo ndizo ugonjwa wa hii chesisi. Matuta na mashimo yetu yanazimaliza na zikiachia tairi linalala ubavuni, siyo jambo la kusema nitaangalia mwezi ujao. Bushi nazo zitaisha, kawaida. Buti langu liliingiza maji msimu wa mvua kupitia sili za taa za nyuma, nikazifungua na kupaka silikoni, limekauka mpaka leo.

Giaboksi nampa maksi zote. Ni ya Aisin, ndugu yake yuko kwenye Nissan Silvia S15 na Mazda Roadster ya gia sita, kwa hiyo spea zake siyo mwisho wa dunia. Ya baridi inakaza kidogo kuingia ya pili, mpe dakika kadhaa na usimlazimishe, na fundi asikuwekee oili ya injini humo kwa kisingizio kwamba itakuwa nyepesi.

Petroli, kitabu chake kinataka primiamu, ile ya okteni ya juu. Kwa tunayopata pampuni inatembea vizuri, ina sensa ya kusikia injini ikigonga na inajirekebisha, ila usitegemee farasi zote 210 zikuamkie. Matumizi ni ya mguu wako.

Maksi: uendeshaji 9 kwa 10, injini 9 ikitunzwa, upatikanaji wa spea 6 kwa sababu za 1G utaletewa hata usiku lakini za 3S hii unasubiri au unaagiza, mafundi 3. Kuna wanaoing'oa 3S wakaweka 1JZ ya Mark II ili wapate unafuu, sawa ni gari yao, ila utakuwa umeuza kitu chenyewe ulichokinunua. Simshauri mtu anayehitaji gari moja tu ya kwenda nayo kazini na kupeleka watoto shule. Mwenye gari ya pili, spana zake mwenyewe na uvumilivu wa kupima kabla ya kununua kifaa, atafurahi nayo miaka.

Na ukienda kuikagua ya kununua, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Weka mkono kwenye boneti kwanza. Ikiwa ya moto alishaiwasha ili "krrrrr" usiisikie, kaa mpaka ipoe hata kama ni masaa, kunywa soda. Ikipoa fungua mfuniko wa oili uchungulie kama kuna tope, kisha piga stata dirisha likiwa wazi na redio imezimwa. Hakikisha taa ya chekinjini inawaka swichi ikiwa oni na inazima injini ikinguruma, maana kuna wanaochomoa balbu. Halafu toa ule waya wako mfukoni.