Lotus Elise 111R: moyo wa Toyota, ngozi ya yai

Kiti cha abiria kwenye gari langu kina mwenyewe, naye ni stendi ya kamera. Kwenye buti haiingii, miguuni haiingii, kwa hiyo naifunga mkanda pale pembeni na tunasafiri kimya kama watu waliogombana. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na huu ni mwaka wa nne gari langu la kila siku ni Lotus Elise 111R ya mwaka 2005, gari dogo la kasi la viti viwili kutoka Uingereza. Iwe mvua, iwe foleni, iwe saa saba usiku nikitoka ukumbini, ni hilohilo. La akiba sina.

Nikisimama kujaza mafuta, swali ni lilelile: "Dada, hii injini ikifa, spea utazitoa wapi?" Watu hawaamini nikiwaambia kwamba hapo ndipo penye tatizo dogo kuliko yote. Nyuma ya mgongo wangu imelala injini ya Toyota, 2ZZ-GE ya lita 1.8, iliyoundwa kwa kushirikiana na Yamaha, ndugu wa damu wa ile iliyofungwa kwenye Celica na Corolla chache za kasi. Giyaboksi yake ya giya sita ni ya Toyota pia. Filta ya oili na plagi naziulizia kwa jina la Celica, na muuzaji hata hanyanyui macho. Haina mkanda wa taiming wa kukuhesabia kilomita, inatumia cheni. Inatoa nguvu farasi 192, na gari zima lina kilo 860 tu, kwa hiyo huhitaji kuichosha ili ikufurahishe.

Ila ina tabia yake. Chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ni Corolla yenye adabu. Ukifika 6,200 kemu, yaani vinundu vinavyosukuma vali, inabadilika, vali zinafunguka zaidi, na sauti inageuka kama mtu aliyekuwa ananong'ona akapandwa na mori. Asubuhi maji ya injini yakiwa bado baridi, utakanyaga mpaka uchoke, mlango huo haukufungukii. Mimi nimeuona huo kama ukarimu: gari linajilinda dhidi yangu. Malipo ninayotoa ni kuchomoa kijiti cha oili kila Jumamosi kabla ya kwenda kazini, kwa sababu injini inayozunguka hivyo haina uvumilivu na oili iliyopungua. Basi. Kama hofu yako ilikuwa injini, lala usingizi.

Kinachonikesha mimi ni kilichobaki. Kuanzia 1996 hadi 2021 Lotus walitengeneza Elise 35,124, matoleo yote kwa pamoja. Corolla zimevuka milioni 50. Utofauti huo unaujua siku unapotafuta kitu ambacho hakina ndugu Toyota: taa, kioo cha mbele, kipande cha bodi. Unaagiza, unasubiri, unajifunza majina ya siku zote za juma.

Na bodi yenyewe ni faiba. Uso wote wa gari, tangu bampa mpaka kwenye milango, pamoja na mbawa za matairi, ni ganda moja. Gari la kawaida likiguswa bampa, unabadilisha bampa. Hili likiguswa, ama umpate fundi anayejua kuziba faiba vizuri, ama ununue uso mzima. Ndiyo maana naegesha mbali kabisa, mwisho wa uwanja, hata kama nitatembea na mabegi mawili na viatu vya kisigino.

Chini ya ganda kuna chesisi ya aluminiamu ambayo vipande vyake vimegandishwa kwa gundi ya epoksi. Ina kilo 68, uzito wa mtu mzima wa kawaida. Umenisoma sawasawa: gundi. Haichomelewi. Fundi akikuambia "hapa tunapiga welding kidogo tu", mshukuru, chukua ufunguo wako, nenda.

Somo la chesisi nililipata mwaka wa kwanza. Tairi ya nyuma ilipata pancha, na Elise haina tairi la spea. Nikafika kwa mziba pancha, kijana mchangamfu, akasukuma jeki chini ya tumbo la gari mahali alipopenda yeye. Mimi niko kwenye simu na mama wa bibi harusi. Nikasikia mlio kama wa kopo la soda likikanyagwa. Ilikuwa pona yangu: kilichobonyea ni bati la kufunika injini kwa chini, chesisi haikuguswa. Siku iliyofuata nililala chini ya gari na kamera, nikapiga picha sehemu sahihi za kuwekea jeki, nikazizungushia duara jekundu, nikachapisha na kuifunika kwa plastiki. Hiyo kadi inakaa kwenye mfuko wa mlango, na hakuna jeki inayosogea kabla haijasomwa.

Bati hilohilo ndilo linalofanya kumwaga oili kuwe kazi. Lazima lifunguliwe kwanza, nalo limeshikwa na bolti nyingi, na baadhi ya nati zake zimebanwa kwenye aluminiamu kiasi kwamba ukilazimisha zinazunguka pamoja na bolti bila kufunguka. Fundi wangu sasa anatumia spana ya mkono, hatumii mashine, na kila bolti anaipaka grisi kidogo kabla ya kuirudisha. Tangu aanze hivyo hatujapoteza hata moja.

Kisha jiwe la barabarani lilinitoboa rejeta. Rejeta ya Elise iko puani, imelala, na namna ya kawaida ya kuifikia ni kung'oa ganda lote la mbele. Tulianza asubuhi. Bolti ziko nyuma ya taa, ziko ndani ya mbawa, nyingine zimejificha karibu na bawaba za milango, na kila tuliyodhani ni ya mwisho ilikuwa na mwenzake. Mchana tukasimama, fundi upande huu mimi ule, tukahesabu mpaka tatu, tukanyanyua. Nilijiandaa kwa uzito, kumbe likaja jepesi kama meza ya plastiki. Fundi akaligeuza, akatazama nyuzi za faiba upande wa ndani, akasema, "Dada, hawa si watu wa magari. Hawa ni watu wa boti." Tulilirudisha kesho yake jioni. Rejeta yenyewe ilichukua saa moja.

Starehe? Barabara mbaya inaistahimili kuliko unavyodhani, maana gari jepesi halihitaji springi ngumu. Tuta nalipanda mshazari, gurudumu moja moja. Usukani hauna msaada wowote na sijawahi kuukosa. Matairi ya mbele ni membamba, upana milimita 175, ya nyuma 225, kwa hiyo hakuna kubadilishana mbele na nyuma. Breki zinadumu sana. Mvua kubwa ikinyesha, raba ya mlango, ambayo imezeeka kama gari lenyewe, huachia tone moja kila baada ya muda kwenye goti langu la kulia. Nina taulo.

Buti liko nyuma ya injini, juu ya eksozi, na linapika. Niliwahi kubeba humo mishumaa ya mapambo ya mteja. Ilifika imeinama yote upande mmoja, kama inasali.

Kuingia ni sanaa. Kizingiti cha mlango ni kipana kama benchi na paa liko mita 1.1 kutoka ardhini. Ukiwa umevaa gauni, kaa kwanza kwenye kizingiti, teleza ndani, miguu ifuate ikiwa pamoja. Nikitoka, wageni wa harusi huwa wameshatoa simu, na mara mbili nimekuta gari langu limepigwa picha kabla ya bibi harusi.

Ningelinunua tena? Ndiyo, tena kesho. Lakini ukiwa mtu wa kumwachia mlinzi ufunguo akuegeshee, au wa kulipeleka gereji na kulifuata jioni, usilinunue. Mimi hukaa hapo hapo kwenye kigoda mpaka bolti ya mwisho. Yule kijana wa pancha naye tumeshapatana. Juzi nilipofika hakugusa jeki. Alifuta mikono kwenye suruali, akainama dirishani, akanyoosha kiganja: "Kadi ya kliniki, dada."