Uzoefu wangu na dripu ya fenitoini kwa maumivu makali ya neva ya uso

Mgonjwa wa maumivu ya neva ya uso (trigeminal neuralgia) anayefika idara ya dharura katika jiji hili la Dar es Salaam hukabiliwa na jambo moja la kuudhi: dawa zipo, lakini hutolewa kwa mazoea. Kinachoshikwa kwanza ni diklofenaki, kisha tramadoli, na wakikuhurumia sana mofini, ilhali zote hizo hazifui dafu mbele ya maumivu yanayotokana na neva yenyewe kujifyatulia ishara, mara nyingi kwa sababu mshipa wa damu umeigandamiza hadi ukachubua utando wake. Ndiyo maana nimeona niandike juu ya huduma niliyoipata safari hii: dripu ya fenitoini, dawa ya kifafa inayopitishwa mshipani.

Kwa kawaida natumia vidonge vya karbamazepini, ambavyo wengi wetu tunaviita Tegretol hata vikiwa vya kampuni nyingine. Ni dawa ya kifafa iliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huu miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo ya kwanza kuandikwa. Sina ugomvi nayo, ila kidonge sharti kimezwe, na mimi nilifikia mahali ambapo hata funda la maji liliamsha shoti kama ya umeme kutoka pembeni ya pua hadi kwenye ufizi. Shoti moja huisha ndani ya sekunde chache, na ikizidi sana haipiti dakika 2. Balaa ni pale zinapofuatana bila kukupa nafasi ya kula, kunywa wala kusema. Hata upepo ukigusa uso huziamsha, na siku hizo kusi ilikuwa imeshika kasi, nasi wakazi wa Kigamboni hatuna namna ya kuukwepa pale kwenye kivuko.

Zahanati niliyoianzia ilinichoma diklofenaki na kunielekeza kwa daktari wa meno. Mwanangu ndiye aliyewajibu, kwa kuwa mimi sikuweza kufungua mdomo, kwamba magego yangu mawili yalikwisha kung'olewa miaka ya nyuma kwa dhana hiyo hiyo na maumivu yakabaki palepale.

Hospitali ya binafsi tuliyokwenda baadaye, upande wa Upanga, ilinishughulikia kwa namna tofauti kabisa. Daktari wa zamu alinipa kalamu na karatasi ili nijibu bila kuzungumza, akataka kujua kama nina tatizo la mapigo ya moyo na ni dawa gani nyingine ninazotumia, kwa sababu fenitoini huweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo na pia hupunguza nguvu ya dawa nyingi, karbamazepini ikiwemo. Nilipimwa uzito, kwa vile dozi huhesabiwa kwa kilo, nikafungwa mashine ya moyo na ya presha kabla ya kitu chochote kuingia mwilini.

Nesi aliyenihudumia anastahili sifa za pekee. Aliuacha mshipa mwembamba wa mgongo wa kiganja na kutafuta mnene wa kwenye kiwiko, akapitisha kwanza maji ya chumvi kuhakikisha kanula, yaani kijimrija cha kupitishia dawa mshipani, imekaa sawa, maana dawa hii ina ualkali mkali na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Aliichanganya na maji ya chumvi, wala si ya glukosi, kwani kwenye glukosi huganda chembechembe. Halafu, bila kuombwa na mtu, alizima feni iliyokuwa ikipuliza kitandani kwangu. Anayeujua ugonjwa huu ataelewa kwa nini nilitokwa na machozi.

Dripu ilikwenda taratibu, zaidi ya nusu saa, ingawa kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mtu mzima ni miligramu 50 kwa dakika. Mkono uliwaka kidogo na presha ikashuka, wakapunguza mwendo. Kabla chupa haijaisha shoti zilikuwa zimepungua, na muda mfupi baadaye nilikunywa uji wa vuguvugu na kumeza kidonge changu. Kizunguzungu kilikuwepo, tena si haba: nilikwenda msalani nimeshikwa mkono, macho yakichezacheza.

Asitarajie mtu kupona kwa dripu hiyo. Nafuu yake huwa ya saa kadhaa au siku chache, na kazi yake ni kukufungulia mdomo ili vidonge virudi kazini huku daktari wa mishipa ya fahamu akipanga upya dozi au kuzungumzia upasuaji. Kwangu ilidumu hadi kesho yake jioni, na ilitosha.

Kuhusu gharama, fenitoini yenyewe haikuwa ghali; fedha nyingi zilikwenda kwenye kitanda chenye mashine ya moyo. Lalamiko langu ni dogo: waliniruhusu bila barua inayoeleza dawa na kiasi nilichopewa, ikabidi mwanangu arudi dirishani kuidai. Sasa nakala yake iko kwenye mkoba wangu, ili daktari wa zamu mwingine asianze tena na diklofenaki.