MRI ama historia ya dalili, ipi inaonyesha MS itaenda wapi?

Hapa Kisumu mtu akiambiwa ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo) swali ni moja, miaka kumi ijayo nitakuwa natembea? Kuna njia mbili za kukisia, picha ya MRI (skani ya kuona ndani ya ubongo na uti wa mgongo) na historia ya dalili zenyewe, na naona watu wanakimbilia picha alafu wanasahau kabisa hiyo ingine.

MRI ina nguvu manake inaona madoa, yaani sehemu zilizoharibika, ambayo mwili haujayasikia bado. Kule London walifuata watu miaka 20 tangu shambulio la kwanza, yaani mara ya kwanza dalili kuwashika, wale picha ya ubongo ilikuwa na madoa karibu asilimia 80 walipata MS, wenye picha safi kama asilimia 20 tu. Doa la uti wa mgongo pia linatia wasiwasi sana. Lakini wingi wa madoa haukuambii mguu utalegea lini, kuna wenye picha mbaya na wanaenda kazi sawa tu.

Historia nayo ni ya bure. Miaka ya kwanza ulishambuliwa mara ngapi, ulipona kabisa ama kuna kitu kilibaki, ni kutembea kuliguswa ama ni macho na ganzi? Daktari anaweka hayo kwa kipimo cha EDSS, 0 hadi 10, na 6 ni pale unahitaji fimbo kutembea mita 100. Shida yake inahesabu kilichoharibika tayari.

Kwangu, kama pesa ya skani haijapatikana usikae tu, andika kila shambulio na tarehe kwa daftari umpelekee daktari wa neva, ju dawa zinasaidia zaidi zikianzwa mapema.