Chakula kikavu cha mtoto wa mbwa wa mbegu ndogo: cha kwanza nilibugi, cha pili ndo tunaendelea nacho

Mbwa wangu anaitwa Tembo na siku namchukua alikuwa na gramu 900, unamweka kwenye kofia na nafasi inabaki. Ni Chihuahua. Naandika hii kwa sababu mpaka sasa nimetumia chakula aina mbili, kimoja nilinunua kwa macho na kingine nilinunua kwa kusoma, na tofauti nimeiona mpaka kwenye mavi, samahani kama uko mezani.

Kosa la kwanza lilikuwa la mdomo wangu mwenyewe. Niliingia dukani nikasema nataka chakula cha mbwa mdogo. Muuzaji akanipa mfuko una picha ya kambwa kadogo kazuri kamekaa kwenye mto, imeandikwa daraja la juu, asilia, chenye kuku, mi nikaona hapohapo, mbona ni huyuhuyu wangu. Kumbe bana kwenye lugha yetu mbwa mdogo anaweza kuwa mdogo wa umri au mdogo wa umbo, na huyo wa kwenye picha alikuwa mzee wa watu, mbwa mzima kabisa ambaye hakujaliwa kimo. Na chakula chenyewe wala hakikuwa cha wenye umbo dogo, kilikuwa cha mbwa wazima wa saizi zote. Yaani sikupata udogo wowote kati ya niliotaka.

Punje zake Tembo alikuwa anabeba moja anaenda nayo kwenye zulia anaigeuza anaitema anaiangalia kama imemtukana. Ana meno 28 ya utotoni membamba kama sindano, sasa hayo unayapa punje ngumu ya saizi ya mbwa mkubwa unategemea nini. Nikawa naloweka na maji ya uvuguvugu, analamba ule uji wa juu kiini anaacha. Alafu mavi, mengi, laini, mara tano sita kwa siku, nikawa najiuliza hivi huyu anatoa kuliko anavyoingiza?

Wiki ya tatu nikaamka asubuhi nakuta amelegea, anatetemeka, akisimama anayumba kama mlevi. Nilichanganyikiwa. Nikampaka asali kidogo kwenye fizi na kidole (usimmiminie kitu mdomoni mbwa aliyelegea, kinaweza kwenda mapafuni) nikakimbia kwa daktari wa mifugo. Sukari ilikuwa imeshuka. Daktari akanieleza hawa wadogo sana hawana akiba ya maana kwenye ini wala kwenye misuli, na mwili mdogo unapoteza joto haraka, kwahiyo akikaa masaa mengi bila kula, na jana yake alikula kidogo, tanki linakauka. Akaniambia milo minne kwa siku, wa mwisho kabla tu ya kulala, usiku usiwe mrefu kwake.

Nilikuwa nimebeba ule mfuko. Daktari alivyoupokea akaugeuza, picha hata hakuitazama. Nyuma kuna sentensi moja ndogo sana inayosema chakula ni kamili kwa mbwa wa hatua gani ya maisha, na wangu ulisema wazi kabisa, mbwa wazima. Wiki tatu mfuko unakaa jikoni na jibu limeandikwa nyuma yake.

Sasa hiyo sentensi ndo kila kitu, hapa nitakaa kidogo. Unatafuta iseme chakula ni kamili na kina uwiano kwa ajili ya ukuaji, au kwa hatua zote za maisha. Mifuko mingi inataja viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, au FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani la Ulaya. AAFCO wenyewe hawathibitishi chakula cha kampuni yoyote, wanaweka viwango tu, kwahiyo ukiona mtu anakwambia chakula chake kimepitishwa na AAFCO mtilie shaka. Kwa viwango vyao, ukitoa maji yote, mbwa mzima anatakiwa apate angalau protini asilimia 18 na mafuta 5.5, wakati anayekua ni protini 22.5 na mafuta 8.5, kalsiamu ndo usiseme, kutoka 0.5 inapanda mpaka 1.2. Kwahiyo Tembo wangu alikuwa anajenga mifupa kwa kipimo cha mbwa anayelala kwenye mto.

Hilo la kutoa maji nalo lilinichanganya mwanzo. Ukiangalia kopo la chakula laini unakuta protini asilimia 10, kikavu kinasema 28, unaona cha kopo ni utapeli. Ila kopo linaweza kuwa na maji asilimia 78, vilivyobaki ni 22 tu, 10 kati ya 22 ni kama asilimia 45. Kikavu chenye unyevu wa 10 kinatoka 31. Yaani ukilinganisha namba za kwenye lebo bila kutoa maji unalinganisha ndizi na gari.

Viungo navyo vina ujanja wake. Vinapangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, kwahiyo kuku mbichi anakaa wa kwanza kwa sababu ana maji mengi, akishakaushwa anarudi nyuma. Unga wa nyama ya kuku mi nilikuwa nauona kama takataka, kumbe umeshatolewa maji kwahiyo protini yake imejazana. Na lile neno "chenye kuku" la mbele ya mfuko wangu, kwa kanuni za Marekani kuku akifika asilimia 3 tu linaruhusiwa. Tatu! Ikiwa ni "ladha ya kuku" ndo kabisa, inatosha ladha isikike.

Haya, chakula cha pili. Jina sitaji kwa sababu kampuni hubadilisha fomula zao na we utakuja kununua jina badala ya kusoma lebo. Kimeandikwa cha ukuaji na cha mbegu ndogo, vyote viwili. Protini 30, mafuta 18, kalsiamu 1.3 kwa fosforasi 1.0, kuna mafuta ya samaki kwa ajili ya DHA, aina ya omega-3 ambayo inasaidia ubongo na macho wakati anakua, na nyuma wameandika nguvu, kilokalori 3,800 kwa kilo. Punje ni ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilimhamisha taratibu kwa siku saba, robo kwanza, alafu nusu, alafu robo tatu. Siku mbili za mwanzo alikuwa anachambua anakula za zamani anaacha mpya, kichwa ngumu huyu, siku ya nne akaacha ubishi. Ndani ya wiki mbili mavi yakawa magumu na mara tatu kwa siku.

Kipimo ndo watu wengi tunaharibu. Jedwali la kwenye mfuko ni la kuanzia tu. Daktari alinionyesha hesabu, unachukua uzito kwa kilo unaupandisha kwa kipeo cha 0.75 unazidisha na 70, alafu kwa anayekua mpaka miezi minne unazidisha tena na 3. Tembo akiwa na kilo moja na nusu ilikuja kama kilokalori 285, ambayo kwa chakula hiki ni gramu 75 kwa siku nzima, kila mlo kama 19. Ni viganja viwili vya mtoto mchanga hivi. Sasa ukipima kwa kikombe ukizidisha gramu 10 hata huzioni, lakini kwake umeongeza asilimia 13, ndo maana nimenunua mizani ya jikoni. Na kilichonishangaza, baada ya miezi minne ile 3 inashuka kuwa 2, kwahiyo saa hizi amefika kilo mbili na kidogo na bado chakula chake ni gramu 67 kwa siku nzima, pungufu ya alivyokuwa mdogo. Nilidhani nimekosea nikapiga hesabu mara tatu. Mbavu zake nazishika kila Jumapili, zinasikika kwa vidole bila kukandamiza, kiuno kinaonekana ukimtazama kutoka juu, basi tuko sawa. Hawa wakinenepa magoti na koo la hewa ndo vinaumia.

Malalamiko ninayo. Zipu ya mfuko imekufa wiki ya kwanza, sasa hivi nabana na kibanio cha nguo. Usinunue mfuko mkubwa kwa kudhani unaokoa, wa kilo nane Tembo angeumaliza kwa zaidi ya siku mia na mafuta yangechacha yakiwa ndani, mi nachukua wa kilo mbili unaisha kama mwezi, na siumwagi kwenye ndoo, unakaa kwenye mfuko wake ndani ya ndoo. Harufu ya samaki ipo, ukifungua asubuhi tumbo tupu utajuta. Halafu wameandika eti punje inasafisha meno. Inasafisha nini, anameza nzima! Mswaki uko palepale.

Mwenye mtoto wa mbegu kubwa usinifuate mimi hapa, wenu wana kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 kwa sababu mifupa yao ikizidishiwa inaharibika, tafuta kilichoandikwa cha mbegu kubwa. Na wanaouliza visivyo na nafaka, mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza inachunguza uhusiano kati ya baadhi ya vyakula hivyo na ugonjwa wa moyo, mi kwa Tembo sioni sababu ya kujaribu wakati nafaka hazijamfanya kitu.

Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya zipu na hayo maneno ya meno. Tutabaki nacho mpaka afike miezi kumi au mwaka ndo tuhamie cha wakubwa, safari hii nitasema mbwa mzima wa umbo dogo, neno kwa neno. Meno ya utotoni yameanza kudondoka, juzi moja nimelikuta katikati ya punje kwenye bakuli nikadhani kampuni imeniwekea mchele, nilikuwa nishashika simu niwapigie.