Seti ya kujenga meli ya mbao: ipi ununue kwanza na ipi uachane nayo, ukiwa Kisumu

Kwanza tumalize hii maneno ya jina. Siku ya kwanza nilimwambia mama watoto nimeagiza kit ya meli, akasikia kiti, akaniuliza hicho kiti cha meli kitakaa wapi na sebule imejaa. Tangu hiyo siku mimi nasema seti. Ni ile boksi inakuja na mbao zimeshakatwa, vijiti vya milingoti, nyuzi za kamba, vyuma vidogo vidogo na michoro, alafu wewe unakaa nayo jioni baada ya jioni mpaka itokee jahazi ama manowari ya zamani juu ya meza.

Na mtu asiniambie hizi ni mambo za wazungu waliostaafu. William Mackinnon, moja ya zile meli za mvuke za kwanza kwa hili ziwa letu, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande kila kimoja na alama yake, ikavuka bahari mpaka Mombasa, ikaja kwa treni mpaka pale reli ilikuwa imefika, alafu mabegani mwa watu, ikaungwa hapa hapa na kushushwa majini 1900. Reli yenyewe ilifika 1901. Kwa hivyo huu mji ulikuwa unaunganisha seti kabla treni ya kwanza kupiga honi.

Sasa, orodha yangu sijaipanga kwa urembo. Nimeipanga kwa swali moja tu: utaimaliza? Nasema hivyo juu mimi niliingia vibaya, nikaona picha ya meli ya milingoti mitatu, mizinga pande zote, bei iko chini, nikalipa kwa muuzaji fulani wa mtandaoni bila hata kuuliza karatasi za maelezo zinakaa aje. Ilikuja baada ya muda mrefu sana, michoro ni kopi ya kopi mistari imefifia, maelezo yalitafsiriwa na mashine hadi kulia na kushoto hujui ni gani, na mataruma mawili (zile mbavu za meli) yamepinda kama ndizi. Iko juu ya kabati mpaka leo, mbavu nje.

Kabla uangalie jina la kampuni angalia vitu vitatu. Cha kwanza ni mwili unajengwa aje. Seti nyingi zinakupa mkuku wa plaiwudi (uti wa mgongo wa meli), unachomeka mataruma ya plaiwudi, alafu unafunika na vibao vyembamba moja moja, na hapo ndio watu wengi wanakata tamaa. Kibao hakikubali tu kulala, lazima ukichonge kipungue upana kikielekea omo na tezi (mbele na nyuma ya meli), ukiloweshe maji, ukikunje na joto (mimi natumia pasi ya nguo, msiniambie). Kuna seti za safu moja ya mbao na za safu mbili. Mtu angedhani safu mbili ni kazi mara mbili, kumbe kwa mgeni ni afadhali, juu safu ya kwanza hata ikiwa na mashimo unaziba, unapiga msasa, alafu safu ya pili nyembamba ya mbao nzuri inafunika aibu yako yote. Safu moja haina msamaha.

Cha pili hesabu milingoti na kamba. Zile ngazi za kamba mabaharia walikuwa wanapandia, kwa meli kubwa ni mafundo mamia na mamia, kila fundo kwa kibano, na hakuna namna ya kuharakisha. Cha tatu ni maelezo: yako na picha kila hatua? kuna video? Kama muuzaji hawezi kukuonyesha hata ukurasa mmoja, pita.

Haya, namba moja kwangu ni Lowell Grand Banks Dory ya Model Shipways, kampuni ya Marekani, kipimo 1:24 (yaani ni ndogo mara 24 kuliko ile ya ukweli). Ukiiona utasema hii si meli, ni mashua tu. Sawa, ni mashua. Lakini ni mashua ya wavuvi wa ukweli, zilikuwa zinapangwa moja ndani ya ingine juu ya meli kubwa kama sufuria dukani, zikifika Grand Banks kule Newfoundland zinashushwa watu wanavua samaki wa cod. Chini ni flati, vibao ni vichache na vipana, kila kimoja kinapanda juu ya mwenzake kidogo, na ukimaliza umejifunza kuchonga, kukunja na kubandika bila kulia. Maelezo yake yameandikwa na mtu anayejua kwamba wewe hujui. Iko pia kwa kifurushi cha seti tatu, unaanza na hii dory, unaenda kwa Norwegian Sailing Pram ya 1:12 ambayo iko na tanga, alafu Muscongus Bay Lobster Smack ya 1:24, kila moja inakuongezea ugumu kidogo. Ningekuwa na pesa ile siku ya kwanza ningechukua hizo tatu pamoja, mzigo mmoja, usafiri mmoja. Na mtu aliyekua karibu na ufuo wa Dunga hapa Kisumu akiona mashua ya uvuvi kila asubuhi hii itamgusa kuliko manowari yoyote.

Namba mbili Polaris ya OcCre, Wahispania, kipimo 1:50. Hii ndio ya mtu anayesema mimi lazima iwe na umbo la meli kamili nikiweka kwa rafu. OcCre wanajulikana kwa kitu moja, wako na video za YouTube za kujenga meli zao hatua kwa hatua, hata kama huelewi lugha unaona mkono unafanya nini. Bando itaenda lakini itakuokolea mbao. Ubaya ni karatasi zake peke yake bila video hazitoshi, usijaribu.

Namba tatu nimeiweka kwa moyo nakubali: jahazi la Kiarabu la Artesania Latina, linaitwa Sultan. Karibu seti zote ziko na meli za Ulaya na Marekani, hii ndio imekaa kama vyombo vya Mombasa na Lamu. Na kuna sababu ya kifundi pia, jahazi linabeba tanga la pembe tatu kwa foromali moja ndefu (mti unaoshika tanga), kamba ni chache ukilinganisha na zile meli za matanga ya mraba. Kazi iko kwa mwili, juu ya mviringo wake. Iwe ya pili yako, isiwe ya kwanza.

Namba nne Bluenose. Ile ya ukweli ilishushwa majini 1921 kule Lunenburg, Kanada, ikivua samaki na kushinda mashindano, hadi wakaiweka kwa sarafu yao ya senti kumi. Model Shipways wako nayo kwa 1:64, Artesania Latina wako na Bluenose II, nakala yake iliyojengwa baadaye, kwa 1:75. Milingoti miwili tu, mwili mrefu mwembamba, haina mizinga, ni mrembo sana. Ukishajenga dory utaijua tu, ni meli ya ukoo ule ule, zilikuwa zinabeba hizo dory juu ya sitaha.

Zile ndogo za bei rahisi kutoka China, kama Halcon ya 1:100 unaona kila mahali, sijazipa namba. Zimekatwa na leza, vipande vingi ni flati, wikendi mbili tatu umemaliza. Kama hujui utapenda hii kazi ama la, jaribu hiyo kwanza, ukiboeka hujapoteza sana. Lakini maelezo mara nyingi ni picha tu na kamba zake zinatoa manyoya kama mkonge. Nunua uzi wako wa kushonea viatu upitishe kwa nta. Na ujue kuna zingine sokoni ni michoro ya kampuni za Ulaya imenakiliwa bila ruhusa, ukiona meli kubwa maarufu kwa bei ya kushangaza jiulize.

Ya mwisho kabisa: HMS Victory, ya kampuni yoyote. Meli ya admirali Nelson wa Uingereza, vita vya Trafalgar 1805, mizinga 104, na ndio kila mtu anataka kuanza nayo. Ile ya Caldercraft ya 1:72 ikiisha inapita mita moja urefu. Utaiweka wapi, juu ya friji? Watu wanachukua miaka. Sio mbaya, ni ya mtu ameshamaliza zingine nne.

Kwa kununua, mimi nalipa na ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, alafu mzigo unakuja kwa watu wa kukusanya mizigo wanachaji kwa kilo, kutoka Nairobi natumiwa kwa basi. Piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya 16% kabla ubonyeze, kwa seti ndogo usafiri unaweza kukaribia bei ya seti yenyewe. Zana usiagize zote ng'ambo. Vibanio vya nguo, msasa wa laini na wa kukwaruza, gundi nyeupe ya mafundi, kibano, wembe, faili ndogo, hizo zote nilipata soko la Kibuye na kwa hardware za kawaida. Chenye niliagiza ni kidrili cha mkono na vile visu vya kubadilisha makali. Na ukifungua boksi weka mbao chini ya kitu flati kizito, hii hewa ya ziwa inapinda mbao nyembamba usiku mmoja.

Dory yangu iko juu ya TV saa hii. Ile ya milingoti mitatu bado iko juu ya kabati, na kama kuna mtu Kisumu, Nakuru ama hata Kakamega anaitaka aje achukue bure, mizinga iko yote, nanga moja ndio mtoto alificha na amekataa kusema wapi.