Fundi aliyeniunganishia laptopu na printa nyumbani Uyole, Mbeya: elfu ishirini yake ni halali

Mwezi wa sita nilinunua laptopu katika duka dogo Mwanjelwa, upande wa Kabwe. Duka hilo lina utaratibu wa kumtuma fundi nyumbani kwa mteja kwa shilingi 20,000, nauli ikiwa humo humo. Naandika kuhusu utaratibu huo, maana laptopu yenyewe haina neno: inawaka, inatunza chaji, basi.

Kabla yake nilishamlipa fundi mwingine. Alichomeka waya wa USB kwenye printa, ikatoka karatasi moja, akasema "imekubali hiyo" na kuondoka. Kweli ilikubali. Lakini printa iko sebuleni, na mimi mitihani natungia chumbani, kwa sababu mama mkwe anaangalia tamthilia zake, na barazani baridi ya Uyole mwezi wa saba inafanya vidole vife ganzi. Kwa hiyo kila nikitaka kuchapa nibebe laptopu hadi sebuleni. Printa ya waifai niliinunua kwa bei ya juu, na hiyo waifai yake sijawahi kuifaidi. Iliniuma.

Huyu wa Mwanjelwa alifika saa nne asubuhi. "Shikamoo mwalimu. Kabla sijagusa kitu, nionyeshe unapofanyia kazi." Akatoa simu yake, akatembea nayo sebuleni, koridoni, hadi chumbani, akitazama vistari vya mtandao vinavyopungua. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, ukuta mnene, plasta pande zote mbili, na ruta yangu ya laini, yaani inayopata intaneti kwa laini ya simu, ilikuwa imejificha nyuma ya televisheni. Alipofunga mlango wa chumbani, mtandao wenye "5G" kwenye jina lake ulibaki na kistari kimoja. Ule mwingine wa ruta hiyo hiyo ulikuwa na vitatu.

Akanieleza, na hapa nilimsikiliza kama mwanafunzi. Hiyo 5G ya kwenye ruta siyo 5G ya minara ya simu. Ni gigahezi 5: mawimbi yake yanabeba data kwa kasi zaidi, ila ukuta unayachosha upesi. Ule mwingine ni gigahezi 2.4, kasi yake ni ndogo lakini unapenya na kufika mbali. Printa nyingi za nyumbani zinasikia 2.4 peke yake, na yangu ni mojawapo. Binti yangu alihangaika siku mbili akilitafuta jina la 5G kwenye printa, na lisingetokea hata angekesha.

Ruta akaihamishia juu ya kabati la koridoni, karibu na dirisha, kwa kuwa ruta ya laini nayo lazima iusikie mnara.

Bado printa haikuonekana. Taa yake ya waifai inawaka vizuri, laptopu ina intaneti, ila hazionani. Akakuta printa imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni. Mtandao huo unakupa intaneti lakini unavitenga vifaa, ili mgeni asipenye kwenye mafaili yako. Ni kama wapangaji wawili wa nyumba moja ambao milango yao inatazama mitaa tofauti.

Kilichonifurahisha kuliko vyote: hakukaa yeye kwenye kiti. Alinikalisha mimi, akasimama nyuma yangu. Nikaifuta printa kwenye laptopu, nikabonyeza kitufe chake cha waifai hadi taa ikaanza kupepesa, nikachagua mtandao wetu, nikaandika nywila kwa mkono wangu. Akanibadilishisha pia nywila ya kuingilia kwenye ruta, maana ile ya kiwandani imebandikwa chini yake na kila anayefagia anaisoma. Kisha akafunga mlango wa chumbani. "Haya mwalimu, tuma." Nikatuma ramani ya Ziwa Nyasa. Kimya. Halafu nikaisikia printa kule sebuleni ikivuta karatasi, na mama mkwe akiita, "Kuna kitu kinatoka huku!" Alipoondoka alifungashiwa parachichi na "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, juu.

Hata kipanya kilichokuwa kinarukaruka alikitibu bila kuombwa. Kile kidude chake cha USB kilikuwa kimebanana na diski ya nje ya USB 3, ambayo hutoa kelele kwenye mawimbi yale yale ya 2.4. Akakihamishia tundu la upande wa pili, kikatulia.

Nina lawama moja, na siyo ndogo. Usiku huo Windows 11 ilipakua masasisho yake ikanimalizia karibu bando lote la GB 10. Nilipompigia asubuhi aliomba radhi, akanielekeza kwa simu: fungua mipangilio ya waifai, chagua mtandao wako, washa kipengele kinachoiambia laptopu kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Tangu hapo imetulia, na masasisho nayaruhusu mwenyewe nikiwa na bando la usiku. Lakini ruta ya laini aliiona kwa macho yake. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla hajafunga begi.

Ukiwaita, waambie mapema kama unatumia laini au faiba, yaani intaneti ya waya. Jirani yangu amemwita Jumamosi hii. Nimemwambia ruta yake aiache pale pale ilipo, asiisogeze hadi fundi apite na simu yake vyumba vyote.